Jinsi ya kulipasua neno "egregious" hadi mzizi wake wa Kilatini

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniandikia kadi ya shukrani: "You are an egregious teacher." Kamusi yake kuukuu ilimwambia ni sifa. Kumbe kwa Kiingereza cha leo ameniita mwalimu wa hovyo kupindukia! Kamusi haikudanganya, imepitwa na wakati tu.

Hatua ya 1: Likate. Ondoa mkia wa kivumishi, "-ious". Unabaki na "e" na "greg". Hiyo "e" ni "ex" ya Kilatini, yaani kutoka ndani ya, iliyodondosha x mbele ya konsonanti. "Greg" inatokana na "grex", kundi la mifugo. Usishangae x kugeuka g: nomino ya Kilatini huficha shina lake, na ukitaka kuliona tazama umbo la kumiliki, hapa "gregis". Mimi huanzia hapo kila mara. Basi "egregius" kwa Mrumi alikuwa aliyejitokeza nje ya kundi, yaani mtu bora.

Hatua ya 2: Tafuta ndugu zake. "Congregation" ni kundi lililokusanyika pamoja. "Segregate" ni kutenga kando na kundi. "Gregarious" ni mtu wa watu. Ukiwaona ukoo mmoja, huhitaji kukariri.

Hatua ya 3: Fuata maana ilivyopinduka. Neno liliingia Kiingereza katika karne ya 16 likiwa sifa. Karne hiyohiyo likaanza kutumika kwa ubaya, yaelekea kwa kejeli, kama tunavyomwambia aliyeharibu kazi, "Hongera, fundi!" Kejeli ikazoeleka, sifa ikafa. Waitaliano hawakufuata mkumbo: barua rasmi kwao bado huweza kuanza na "Egregio Signore", na hiyo ni heshima. Usijibu kwa hasira.

Hatua ya 4: Litumie. Tamka i-GRII-jas. Hupenda kukaa na "error", "violation" na "negligence". Kwa Kiswahili mimi huchagua "-liokithiri" au "wa kupindukia": uzembe uliokithiri, uongo wa kupindukia. Ila ubaya wenyewe lazima uonekane hata na asiyeutafuta. Kuruka herufi moja kwenye kadi ya harusi si "egregious". Kuandika jina la bibi harusi mwingine, hilo ndilo.