Namna ya kuorodhesha wanyama waliowahi kuishi zoo ya Lubumbashi

Baba yangu alikuwa mpiga picha wa siku ya Yenga, yaani Jumapili. Wiki nzima alishinda kwenye studio yetu ndogo ya Kamalondo akipiga picha za vitambulisho, lakini Jumapili baada ya misa alibeba kamera yake hadi zoo, kwa sababu huko ndiko familia zilikokwenda zikiwa zimependeza. Aliniachia makopo matatu ya maziwa ya unga yaliyojaa negativu. Nilipoanza kuzichambua nilikuwa natafuta nyuso, ili niwauzie wajukuu nakala za babu zao. Nikagundua kwamba nyuma ya kila mama aliyekumbatia pochi yake kuna kitu chenye mkia.

Tangu hapo nina kaye, yaani daftari, ya wanyama. Wako vijana wanaokuja studio kuniuliza nao waanzeje, wengine wa hapa, mmoja alitoka Likasi. Nawaambia hivi.

Nunua kaye ngumu, piga mistari ya safu tano. Ya kwanza ni jina kama lilivyotoka mdomoni mwa msimulizi, kwa lugha yake. Ya pili, mnyama alivyoonekana. Ya tatu, ushahidi: picha, simulizi au kibao. Ya nne, mara ya mwisho alipoonekana. Ya tano ni ya mashaka, na hiyo iache iwe pana kuliko zote. Jina la kisayansi liandike mwishoni kabisa, tena kwa penseli. Usicheke. Hapa kwetu Mluba wa Kasai atakuambia nkashama, Mbemba atasema mbwili, aliyesoma kwa masista atasema panthère, na wote wanamtaja chui yule yule. Ukikimbilia kutafsiri, utahesabu wanyama watatu palipo na mmoja. Na kinyume chake kipo pia: kwa Mbemba kila tumbili ni kolwe, kwa hiyo nyuma ya neno hilo moja huenda kuna aina tatu nne za tumbili zilizofungiwa vibanda tofauti.

Mimi mwenyewe nilianguka hapo. Kwa miaka miwili kaye yangu ilikuwa na duma, kwa kuwa tante (shangazi) yangu aliapa alimwona, mwembamba, madoadoa, amelala juu ya gogo. Kisha nikapata negativu yenye gogo lile lile. Madoa ya mnyama yule yalikuwa yamejipanga kama maua, vijiduara vyenye nafasi katikati. Duma ana madoa meusi yaliyojaa, na mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni hadi mdomoni kama mtu aliyelia na wanja. Alikuwa chui, tena mwenye njaa, ndiyo maana alikuwa mwembamba. Nilimkata duma kwa mstari mmoja ili asomeke bado. Usifute kamwe. Kosa lako litamsaidia atakayesikia simulizi ile ile kwa tante mwingine.

Ukienda kwa wazee, usianze na jina la mnyama. Ukiuliza, "Papa, kulikuwa na tembo?" atakujibu ndiyo, kwa heshima tu, na kwa sababu zoo bila tembo inamwaibisha. Uliza: alikula nini, na nani alimletea? Watu husahau rangi lakini hawasahau saa ya kulishwa. Mzee mmoja wa Katuba hakuweza kuniambia ndege wake alikuwa wa aina gani, ila alikumbuka kwamba alirushiwa samaki wadogo na kuwameza kuanzia kichwani. Hapo kasuku ametoka, tausi ametoka, bado wachache tu. Uliza pia kibanda kilikuwa wapi ukiingia, kulia au kushoto, na mkono wa nani ulikuwa umemshika yeye. Kama alishikwa mkono, alikuwa mtoto mdogo, na kila mnyama alikuwa mkubwa.

Mwaka usimwulize kabisa. Muulize kama ilikuwa kabla ya dipanda, yaani uhuru, au baada. Wakati wa Secession, Katanga ilipojitenga na Kongo, yaani 1960 hadi 1963. Kabla nchi haijaitwa Zaire mwaka 1971. Kabla ya vita vya Shaba (ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati huo) vya 1977 na 1978. Kabla ya uporaji wa 1991. Kabla Kabila na waasi wake hawajaingia mjini Aprili 1997. Mtu wa Lubumbashi ana vigingi hivi ndani ya kichwa na hatakosea. Ukisikia "baada ya uporaji kile kibanda kilikuwa kitupu", umepata zaidi ya tarehe. Na ukiuliza wanyama walikwenda wapi, mmoja atasema njaa, mwingine atasema waliliwa, wa tatu atasema waliuzwa. Andika yote matatu na aliyesema kila moja, usichague lile linalosisimua.

Sasa picha, ambako mimi hupoteza usiku wangu. Picha haikuambii tu kwamba chui alikuwepo. Inaweza kukuambia ni chui yupi. Madoa ya chui hayafanani kati ya mmoja na mwingine, wala mistari ya punda milia. Ukipata picha mbili, chagua sehemu moja ndogo, bega au paja, uichunguze kwa kioo cha kukuza, utafute madoa matatu yenye umbo la ajabu. Mimi nina chui ninayemwita Comma kwa sababu ya doa moja la ubavuni. Yumo katika negativu kumi na moja, na mtoto wa familia moja anakua mbele yake mpaka anavaa suruali ndefu. Hivyo nilijua kwamba kwa miaka yote ile zoo haikuwa na "chui wengi" kama watu wanavyodai. Alikuwa Comma.

Lakini angalia mtego. Ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, na negativu ikigeuzwa mashineni, kushoto kunakuwa kulia. Utaapa una chui wawili. Negativu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ukiitazama, unaong'aa uwe kwako. Kama una picha ya karatasi tu, acha mnyama, mtazame baba wa familia. Shati la mwanaume lina vifungo upande wake wa kulia. Vikiwa kushoto, picha imegeuzwa (au baba kavaa blauzi ya mkewe, jambo ambalo halijawahi kunitokea). Tena usimwondoe mtu pembeni ya picha ili mnyama aonekane vizuri. Viatu vyake na kitambaa cha mkewe ndivyo vitakavyokupa miaka.

Kadi za posta hazinichukui muda. Iliyoandikwa Élisabethville ilichapishwa kabla ya jina la mji kubadilishwa mwaka 1966, basi. Inakuambia kadi ni ya lini. Mnyama anaweza kuwa alikufa zamani kabla haijauzwa.

Kibao cha kibanda nacho kinadanganya kwa njia mbili. Mnyama hufa, kibao kikabaki. Au mnyama yupo, kibao ni cha mwingine. Amsterdam, bustani ya wanyama ya Artis ilikuwa na Mafuca kuanzia 1911 hadi 1916, akihesabiwa kuwa sokwe. Alikuwa bonobo, mnyama wetu wa Kongo, ambaye wataalamu hawakumpa jina lake hadi 1929. Tausi wa Kongo naye alikaa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akiwa amejazwa pamba na kuandikwa kinda la tausi wa India, mpaka mtaalamu wa ndege James Chapin alipomtambua mwaka 1936. Kwa hiyo msimulizi akisema "sokomutu (sokwe) mmoja alikuwa tofauti, mweusi usoni, nywele zimegawanyika katikati", usimsahihishe. Andika.

Safu ya nne, mara ya mwisho alipoonekana, ndiyo inayorukwa na kila mtu. Wanaandika "alikufa". Nani alimwona akifa? Andika siku ya mwisho yenye shahidi. Kwagga, yule punda milia wa Afrika Kusini aliyekosa mistari nyuma, wa mwisho alikufa Artis hiyo hiyo tarehe 12 Agosti 1883, na siku ile hakuna aliyejua kwamba ndiye wa mwisho duniani. Aliyewahi kupigwa picha akiwa hai ni mmoja tu, jike wa London, na picha zake zinazojulikana ni tano. Tano! Baba yangu alimpiga Comma mara kumi na moja bila kumkusudia.

Jambo moja zaidi la kutenganisha. Tangu 2006 kuna hapa Lubumbashi kituo cha J.A.C.K. (Jeunes Animaux Confisqués au Katanga) kinachowalea sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara haramu. Sokwe hao walihifadhiwa. Si mali ya maonyesho, na hawafai kuchanganywa na wale wa zamani walioletwa ili watazamwe. Mimi nawaandika kwa bic nyekundu.

Kaye yangu sasa ina mistari ishirini na sita, na kumi na nne kati yake ina picha. Mamba bado ananishinda. Kila mzee anamkumbuka, kila mmoja anaonyesha urefu wake kwa mikono, lakini baba alipenda kuwapiga watu kuanzia kiunoni kwenda juu, na mamba hulala chini. Nina negativu moja yenye ukingo wa bwawa na kitu kirefu cheusi kati ya miguu ya bwana harusi. Kwenye safu ya tano nimeandika: "Gogo?"