Kupanga soketi na nyaya za nyumba kabla ya kupiga lipu

Ekstensheni iliyopita chini ya zulia ikiwa na friji, televisheni na pasi haitokani na uzembe wa mpangaji. Chanzo chake ni soketi moja iliyowekwa sebuleni nyumba ikiwa bado tofali. Mwongozo huu unahusu nyumba ya kawaida ya Tanzania yenye fezi moja ya volti 230 na soketi za pini tatu bapa za ampea 13. Soketi hizo tulizirithi kwa Waingereza, na vipimo vingi ninavyovitaja vinatoka kwenye kanuni zao za nyaya za umeme, BS 7671. Kazi yenyewe aifanye mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kenya leseni hutolewa na EPRA. Mwenye nyumba, soma ili ujue unacholipia.

Hatua ya 1: Chora vyombo kwanza

Kwenye ramani weka kitanda, makochi, televisheni, friji, meza ya kusomea, na upande ambao kila mlango unafungukia. Soketi zifuate vyombo. Chumba cha kulala kipate soketi pacha kila upande wa kitanda, na nyingine mezani. Sebuleni mimi siweki chini ya pacha nne, mbili kati ya hizo zikiwa nyuma ya televisheni. Kisha ingia na chaki, uweke alama ukutani mwenye nyumba akiwepo.

Hatua ya 2: Pima urefu

Soketi sentimita 45, swichi sentimita 120 upande wa kitasa. Pima kutoka usawa wa vigae vitakapofika, maana ukipimia zege soketi zote zitakuja kuonekana zimezama. Kama maji ya masika huingia kwenye kiwanja, zipandishe.

Hatua ya 3: Jikoni na bafuni

Jikoni, soketi ikae sentimita 15 juu ya meza ya kazi, na isipungue sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki. Usiiweke juu ya jiko.

Bafuni usiweke soketi kabisa. Kanuni ya Uingereza ilitaka umbali wa mita 3 kutoka eneo la kuogea, na tangu 2022 ni mita 2.5. Mabafu yetu mengi hayafikii hata upana huo. Swichi ya hita ya maji iwe nje ya mlango, nayo ikate laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) kwa pamoja.

Hatua ya 4: Gawa saketi

Taa: waya wa milimita za mraba 1.5, breka ya ampea 6 au 10. Soketi: waya wa 2.5, breka ya ampea 20. Hita ya kuogea ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, kwa hiyo ipewe saketi yake peke yake, waya wa 6 na breka ya 32. Jiko la umeme nalo lipewe yake.

Breka inalinda waya uliomo ukutani. Ikianguka kila mara birika na pasi vikiwashwa pamoja, usikubali fundi aitoe ya 20 aweke ya 32 kwenye waya uleule. Breka itatulia kweli, lakini waya utachemka ndani ya paipu mpaka plastiki yake iyeyuke, na wewe hutaona dalili yoyote. Dawa yake ni kuongeza saketi. Ndiyo maana jikoni naipa saketi yake ya soketi tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Tandaza paipu na nyaya

Paipu ishuke wima au ipite mlalo kutoka kwenye boksi, kamwe isikate ukuta mshazari. Anayepigilia msumari wa pazia miaka kumi baadaye atakisia njia yake kwa kuangalia soketi ilipo.

Angalia rangi. Mfumo wa zamani ni nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro. Mpya ni kahawia kwa laivu, bluu kwa nyutro. Madukani utakuta yote. Chagua mmoja kwa nyumba nzima, kwa sababu kwenye fezi tatu bluu ya zamani ilikuwa fezi na nyeusi ya sasa ni fezi. Ethi, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ni kijani, au kijani na njano.

Hatua ya 6: Ethi na RCD

Hapa ndipo watu hubana matumizi, na hapa ndipo watu hufa. Nyumba nyingi zinategemea rodi yao wenyewe, fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini. Chukulia rodi yenye ukinzani wa omu 50: laivu ikigusa bodi ya friji, umeme unaokwenda ardhini hauzidi ampea 4.6. Breka ya 20 haitashtuka, na bodi ya friji itabaki na umeme ikimsubiri mtoto aje kuigusa. RCD ya miliampea 30, yaani swichi inayojizima umeme ukivuja, inakata hapohapo. Soketi zote zipite kwenye RCD, na hita pia.

Hatua ya 7: Pima kabla ya kuomba umeme

Ethi ifike kwenye kila soketi bila kukatika. Laivu iwe kulia ukiitazama soketi, pini ya ethi ikiwa juu. Mega ya volti 500, kifaa cha kupima kama plastiki ya nyaya inazuia umeme, isisome chini ya megaomu 1. Kwenye nyaya mpya husoma juu zaidi ya hapo, hivyo ukipata 2 tafuta waya uliochunika. Umeme ukishaingia, RCD ipimwe kwa mashine: kwa miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300. Matokeo yaandikwe saketi kwa saketi, na nakala abaki nayo mwenye nyumba.