Somo: Picha ya Njia Nyeupe kutoka Dodoma kwa kamera ya kawaida na fremu 60

Kitovu cha Njia Nyeupe, pale kundi la Mshale linapopakana na Nge, kinapita juu sana kwenye anga letu. Dodoma iko nyuzi 6 kusini ya ikweta na kitovu kiko nyuzi 29 kusini, kwa hiyo kikifika kileleni kinakuwa nyuzi 67 juu ya upeo wa kusini. Mtu wa London hukipata kwenye nyuzi 9 tu, ndani ya ukungu na taa. Tumepewa anga ambalo wenzetu wa kaskazini hulifuata kwa ndege, na ni haki tulitumie.

Somo hili ni la mwenye kamera ya DSLR (ya kubadilisha lenzi) yenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, ya ukubwa wa APS-C, lenzi ya 18-55 mm iliyokuja na kamera, na stendi ya miguu mitatu. Traka, mashine inayozungusha kamera ifuate nyota, haihitajiki. Kinachohitajika ni fremu nyingi fupi zinazopandanishwa kwenye kompyuta. Wengi huruka hapo: wanapiga fremu moja ya sekunde 30, wanaikuta imejaa chengachenga na nyota zimevutika kama punje za mchele, halafu wanailaumu kamera.

Hatua ya 1: Usiku na mahali

Msimu ni Juni hadi Septemba, anga likiwa kavu. Katikati ya Juni kitovu kinafika kileleni karibu saa saba kasorobo usiku, katikati ya Julai saa tano kasorobo, katikati ya Agosti saa tatu kasorobo. Kila siku kinawahi kwa dakika 4, yaani saa mbili kwa mwezi. Mwezi Julai jua linatua baada ya saa kumi na mbili na nusu, na giza linakamilika karibu saa mbili usiku. Kabla ya hapo usihangaike kupiga.

Fuata mwezi mwandamo. Kuanzia tarehe 22 hivi hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, nusu ya kwanza ya usiku haina mwezi, au ina mwezi mwembamba unaotua mapema. Mwezi mpevu ukiwa juu hakuna mpangilio wa kamera utakaokuokoa.

Mahali ndipo makosa mengi yanapofanyika. Unapiga kusini, kwa hiyo taa za mji lazima ziwe mgongoni kwako, yaani wewe uwe kusini ya mji. Barabara ya Iringa kuelekea Mtera inafaa kwa sababu hiyo. Hombolo wengi wanaipenda kwa sababu ya bwawa, lakini iko kaskazini-mashariki ya mji. Agosti na Septemba kitovu kinateremkia kusini-magharibi, na ukiwa Hombolo huko ndiko ziliko taa zote za Dodoma. Hombolo ni ya Mei na Juni, kitovu kikiwa bado kinapanda upande wa mashariki.

Mpe taarifa mapema mwenyekiti wa kitongoji. Watu wanaozungukazunguka na tochi usiku wa manane karibu na maboma ya ng'ombe wanatia hofu, na wana kijiji wana haki ya kujua mnafanya nini. Ukipata ruhusa ya kusimama karibu na mbuyu mkubwa, umepata sehemu ya mbele ya picha ambayo haina mpinzani.

Hatua ya 2: Vifaa vya kubeba

Betri mbili zilizojaa, kadi yenye nafasi ya angalau GB 4, rimoti ya taima (au taima iliyomo ndani ya kamera kama ipo), tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu, utepe wa karatasi wenye gundi, na mfuko wa kilo 2 au 3 za mchanga wa kuning'iniza katikati ya stendi. Usidharau huo mfuko. Kiangazi chetu kina upepo wa kusini-mashariki unaovuma hadi usiku, na stendi nyepesi inatikisika bila wewe kuona. Usiinue nguzo ya katikati, na miguu myembamba ya chini usiivute. Lenzi usiibadilishe nje: vumbi la Dodoma ni laini, likiingia kwenye sensa utaliona kama madoa meusi kila fremu.

Hatua ya 3: Fokasi

Hapa tutulie, kwa sababu fokasi mbaya hairekebishiki nyumbani.

Weka lenzi 18 mm, zima fokasi ya kujiendesha, zima kitulizi cha mtikisiko (kikiwa juu ya stendi kinaleta mtikisiko chenyewe). Elekeza kamera kwenye nyota angavu. Antares, ile ya rangi ya chungwa kwenye kifua cha Nge, inatosha. Washa mwonekano wa skrini na ukuze mara 10. Mwanzo utaona duara pana lililofifia. Zungusha pete ya fokasi polepole sana: duara linajikusanya, linakuwa tone, halafu nukta. Endelea kidogo hadi ianze kutanuka tena, kisha rudi. Usiitazame nyota kubwa peke yake. Tazama vinyota hafifu vilivyo pembeni yake. Vinapojitokeza ambapo hapakuwa na kitu, hapo ndipo fokasi ilipo. Ukiipita kwa unywele, vinatoweka.

Bandika utepe wa karatasi kwenye pete ya fokasi na ya zumu pia, zisisogee. Kamera ikitazama juu, zumu ya lenzi hizi huteleza yenyewe. Piga fremu moja, ikuze, hakiki. Rudia kuhakiki baada ya dakika 20, maana usiku wa Julai unapoa haraka na lenzi ikipoa fokasi inasogea.

Hatua ya 4: Mipangilio na kupiga

Faili RAW (ghafi, isiyobanwa na kamera), siyo JPEG. Tundu la lenzi f/3.5. ISO (usikivu wa sensa) 3200. Shata (muda wa kupokea mwanga) sekunde 13. Mizani ya weupe iwe 4000 K, usiiache ijichagulie. Zima ile huduma ya kamera ya kuondoa chenga kwenye picha za muda mrefu. Baada ya kila fremu inapiga nyingine ya giza kimyakimya, na nusu ya usiku wako inaondoka.

Kwa nini 13? Kanuni iliyozoeleka ya kugawa 500 kwa urefu wa lenzi, ukizidisha 1.5 kwa APS-C, inatoa sekunde 18. Kanuni hiyo ni ya enzi za filamu. Sensa ya megapikseli 24 ina pikseli za mikroni 3.9 na inaonyesha mvutiko mapema zaidi. Hesabu sahihi: zidisha namba ya tundu kwa 35, ongeza ukubwa wa pikseli mara 30, gawa kwa urefu wa lenzi. Hapa ni 122.5 jumlisha 117, gawa kwa 18, unapata 13.3.

Angalia histogramu, mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera: kushoto ni giza, kulia ni weupe. Kilima kiwe robo hadi theluthi kutoka kushoto. Kikibana ukuta wa kushoto, ongeza ISO; kikifika katikati, mwanga wa mji ni mwingi, shuka hadi 1600.

Piga fremu 60 zenye nafasi ya sekunde 2 kati yake. Ni dakika 15. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: fremu 16 zinazipunguza mara 4, fremu 64 mara 8. Kutoka 60 kwenda 120 unapata mara 1.4 tu.

Hatua ya 5: Fremu za giza

Hapo hapo, kabla ya kufungasha, funika lenzi kwa kifuniko chake, funika na tundu la kuchungulia, piga fremu 20 kwa ISO na sekunde zile zile. Zinanasa pikseli zinazowaka zenyewe kwa joto. Zikipigwa kesho yake mchana sebuleni kwenye nyuzi 28 hazifanani tena na usiku wa nyuzi 14, na zitaharibu badala ya kusaidia.

Hatua ya 6: Kupandanisha

Programu ya Sequator ni ya bure na inafaa kwa anayeanza, ila ni ya Windows. Siril nayo ni ya bure, inaingia pia kwenye Mac na Linux, na inataka uvumilivu. Kwenye Sequator pakia fremu 60 kama picha za nyota, chagua ya katikati (ya 30) iwe ya msingi, pakia fremu 20 za giza. Kama kuna mbuyu chini, chagua kugandisha ardhi na upake rangi eneo la anga. Usipofanya hivyo nyota zitatulia na mbuyu utakuwa ukungu. Washa kuondoa chenga zinazohama: ndiyo inayofuta mistari ya ndege na satelaiti. Hifadhi TIFF ya biti 16.

Hatua ya 7: Kumalizia

Fungua TIFF kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nyanyua mkunjo wa mwanga (Curves) kidogo kidogo, mara tatu au nne, badala ya mara moja kwa nguvu. Anga lisiwe jeusi tii. Ukikata weusi unafuta mawingu ya vumbi yanayoipa Njia Nyeupe umbo. Kipimo cha rangi ni Antares: ikiwa nyeupe au ya bluu, umepotoka. Ukituma WhatsApp, itume kama dokumenti, vinginevyo itabanwa na nyota ndogo zitafutika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Bahi: Mkuu, mimi nina simu tu. Naruhusiwa kukaa darasani?

Jibu: Karibu kabisa. Tumia hali ya Pro, kamera kuu, siyo ile pana zaidi kwa sababu tundu lake mara nyingi ni dogo na sensa yake ndogo. Fokasi iweke mwisho kabisa, ISO 1600 hadi 3200, shata sekunde 10, faili RAW, taima sekunde 3 ili kidole kisitikise. Bana simu kwenye stendi. Fremu 60 kama kawaida. Siril inazisoma faili za DNG, ambazo ndizo RAW za simu. Hali ya usiku ya simu iache: inapandanisha yenyewe na kulainisha, na huwezi kuirudisha nyuma.

Mwanachama, Kondoa: Shikamoo mwalimu. Nimepata traka lakini maelekezo yanasema nilenge nyota ya ncha ya kaskazini. Siioni.

Jibu: Marahaba. Hutaiona, iko chini ya upeo wetu. Ncha yetu ni ya kusini, na kwa Kondoa iko nyuzi 5 tu juu ya ardhi. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ina ng'avu (kipimo cha mwangaza) ya 5.4, yaani ni hafifu, na kwenye vumbi la chini namna hiyo usipoteze usiku ukiitafuta. Weka mwinamo wa nyuzi 5 kwa programu ya kupima mwinamo kwenye simu, elekeza kusini kwa dira, mbali na gari na vyuma. Kama kitako cha traka hakishuki hadi 5, fupisha au refusha mguu mmoja wa stendi.

Kwa lenzi ya 18 mm makosa ya nyuzi 1 hayakuumizi: kwa sekunde 60 nyota inasogea theluthi ya pikseli. Kwa lenzi ya 200 mm makosa hayo hayo yanasogeza pikseli 4, na hapo utaziona ndefu. Hakiki pia swichi imewekwa S. Ikiwa N, traka inazunguka kinyume na mvutiko unakuwa mara mbili ya kutokuwa na traka kabisa.

Mwanachama, Mpwapwa: Magharibi naona mwanga kama pembe unapanda, saa mbili usiku. Ni taa za Dodoma?

Jibu: Ukiwa Mpwapwa taa za Dodoma ziko huko magharibi kweli, kwa hiyo tofautisha kwa umbo. Taa za mji ni kuba la chini lenye rangi ya chungwa, linakaa usiku kucha. Pembe nyeupe, pana chini na nyembamba juu, inayofika nusu ya anga na kutoweka karibu saa tatu, ni mwanga wa zodiaki: vumbi lililotanda kati ya sayari likiakisi jua. Karibu na ikweta linasimama wima, ndiyo maana tunaliona vizuri. Lipige kwa mipangilio ile ile.

Mwanachama, Dodoma mjini: Nguzo za Uumbaji, yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyopigwa na darubini ya anga ya Webb, rangi zile ni za kweli? Na mbona kwenye picha yangu sehemu hiyo ni doa la waridi?

Jibu: Webb inapokea mawimbi ya infraredi, jicho halina rangi yake. Wataalamu hupanga: mawimbi mafupi yanapewa bluu, marefu nyekundu, na mpangilio huo unabeba taarifa halisi. Picha ya darubini ya Hubble ya 1995 ilifuata gesi: salfa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni bluu. Kamera yako inaona hidrojeni kwa rangi yake yenyewe, nyekundu ya nanomita 656, ila kichujio kilicho mbele ya sensa kinazuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Ndiyo maana unapata waridi hafifu. Doa hilo ndilo M16, wingu lenye nguzo hizo, umelipata sawasawa. Kwetu linapita nyuzi 8 tu kutoka utosini, na ukiweka lenzi 55 mm na shata sekunde 4, fremu 200, litaanza kuwa na umbo.

Mwanachama, Kongwa: Nyota zangu za katikati ni nukta, za pembeni zina mabawa.

Jibu: Ni lenzi, siyo fokasi. Funga tundu hadi f/4.5, ongeza fremu zifike 100 kufidia mwanga uliopotea. Mabawa yakibaki upande mmoja tu wa picha, lenzi imekaa upande. Ivue ukiwa ndani ya nyumba, futa mdomo wake vumbi, irudishe hadi usikie mlio wa kufunga.