Jinsi ya Kukata Rufaa Marekani Mkaguzi Anaposema Uvumbuzi Wako ni wa Dhahiri

Madai yako ya hataza, yaani sentensi zinazotaja unachotaka kilindwe, yakishakataliwa mara mbili na ofisi ya hataza ya Marekani (USPTO) kwa hoja kwamba uvumbuzi ni wa dhahiri, yaani fundi wa kawaida wa fani hiyo angeufikia tu, unaruhusiwa kukata rufaa kwa Bodi ya Majaribio na Rufaa za Hataza. Usikimbilie kulipa ada ya rufaa. Kabla ya kuwasilisha notisi ya rufaa, ingiza ushahidi wote kwenye faili: viapo vya wataalamu, matokeo ya vipimo, hesabu za mauzo. Baada ya notisi mlango huo karibu unafungwa, na inauma sana kuwa na vipimo vizuri ambavyo Bodi haitavisoma.

Notisi ikishaingia, una miezi 2 ya kuwasilisha maelezo ya rufaa, na hapo ndipo kazi ilipo. Majaji hufuata vigezo vya kesi ya Graham dhidi ya John Deere ya 1966: kazi zilizotangulia (hataza na maandiko ya kabla yako) zinafundisha nini, dai lako linatofautiana nazo wapi, na fundi wa kawaida wa fani hiyo ana ujuzi kiasi gani. Huangalia pia kama hitaji lilikuwepo muda mrefu, au wengine walijaribu wakashindwa.

Mara nyingi mkaguzi huwa ameunganisha nyaraka mbili tatu za kazi hizo zilizotangulia ili kuonyesha kuwa uvumbuzi wako ni wa dhahiri. Kuzishambulia mojamoja hakusaidii. Bana hapa: fundi ambaye hajauona uvumbuzi wako angeziunganisha kwa sababu gani? Tangu Mahakama ya Juu iamue kesi ya KSR mwaka 2007, sababu hiyo si lazima iwe imeandikwa kwenye waraka wowote, lakini mkaguzi anawajibika kuieleza.

Isome kesi ya betri ya Adams, iliyoamuliwa siku moja na ya Graham. Magnesi na kloridi ya shaba vilijulikana zamani, ila maandiko ya wakati ule yaliwakatisha mafundi tamaa ya kuunda betri ya namna ile, inayoamshwa kwa maji. Wataalamu wa serikali hawakuamini ingefanya kazi. Baadaye serikali yenyewe ikaitumia. Mahakama ya Juu ikailinda hataza. Ukiwa na waraka unaomwonya fundi asipite njia uliyopita wewe, uweke mbele kabisa.

Dai unalotaka lipimwe peke yake lipe kichwa chake. Hoja usiyoiandika, hesabu umeiacha.

Mkaguzi akishajibu, una miezi 2 mingine ya kumjibu, kuomba kusikilizwa kwa mdomo, na kulipa ada ya kupeleka faili kwa Bodi. Ada hiyo usipoilipa, rufaa inafutwa. Bodi ikikukatalia, unaweza kwenda Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit ndani ya siku 63.