Kuku au kanga? Namna ya kuusoma mfupa wa kale Unguja

Kila anayeshika mfupa mdogo wa ndege kutoka Unguja Ukuu, mji wa kale kisiwani Unguja, ana haraka ya kusema "kuku". Naomba tuizuie haraka hiyo, maana huenda ni kanga, ndege wa huku huku Afrika. Kuku alifugwa kwanza Asia ya Kusini-Mashariki, kwa hiyo kila mfupa wake wa kale kisiwani ni habari ya watu waliovuka bahari naye.

Hatua ya 1: Tayarisha mifupa ya kulinganishia. Nenda soko la Darajani ukanunue jogoo na mtetea wa kienyeji. Nyama kuleni. Mifupa iroweke kwenye maji ya sabuni ya unga mpaka mabaki yatoke, kisha ianike kivulini, maana jua kali huipasua. Kanga mtafute kwa mfugaji, na awe mzima.

Hatua ya 2: Chekecha udongo wote kwa chekeche la matundu ya milimita 3 au chini yake. Kila mfuko uandike shimo na tabaka, hapo hapo.

Hatua ya 3: Hapa usikimbie. Tafuta mfupa wa mguu, ule ambao kwa ndege hai umefunikwa magamba. Ugeuze taratibu kwenye mwanga wa ubavuni, upapase kwa kidole gumba. Ukiona kipi, yaani ule mwiba wa mguuni mwa jogoo, au kovu pale kilipoota, huyo si kanga, kwani kanga hana kipi. Kwale anacho, ila mfupa wake ni mdogo zaidi; ulinganishe. Usipokiona kipi, bado hujapata kanga: mtetea na kijogoo kichanga kwa kawaida nao hawana. Ukibaki na shaka andika "jamii ya kuku" na uishie hapo. Jibu hilo ni halali kabisa.

Hatua ya 4: Pima umri wa mfupa wenyewe kwa kaboni, usitegemee tabaka peke yake. Niliwahi kuufurahia mfupa wa tabaka la chini siku mbili nzima, kumbe tundu la panya lilipita pale nami sikulichora. Pango la Kuumbi, Jambiani, lilitangazwa kuwa na kuku wa maelfu ya miaka. Waliochimba tena hawakumkuta kwenye matabaka hayo ya kale. Unguja Ukuu kuku anaonekana kuanzia karne ya 7 au ya 8.

Kabla ya kukata kipande cha maabara, piga picha kila upande na uchukue vipimo vyote. Kipande hicho kitateketezwa.