Acha kumfanyia mtoto homuweki: vile unaweza kumfunza kujifunza mwenyewe

Mwaka jana msichana wangu wa gredi ya 5 alileta homuweki ya kutengeneza kifaa cha kupima mvua, saa mbili usiku, na mimi ndio nimetoka job, matatu imekwama Jogoo Road karibu masaa mawili. Nikachukua chupa ya plastiki na makasi nikaifanya mwenyewe ndio tulale. Kesho yake mwalimu akamuuliza mbona sehemu ya juu ya chupa imekatwa ikapinduliwa, mtoto akanyamaza. Hiyo ilinikaa rohoni sana. Kifaa kilikuwa kizuri, lakini mtoto alikuwa amelala nikikitengeneza.

Sisi tulisomea mfumo wa masomo wa 8-4-4, ile ya 1985, na hakuna mwalimu wangu hata mmoja angenifunza M-Pesa, ilikuja 2007 tukiwa tumeshatoka shule. Tuliijifunza ukubwani, kila mtu na njia yake. Hawa wetu watakutana na vitu kama hivyo kila baada ya miaka michache, kwa hivyo kile wanahitaji zaidi ni kujua kuanza kitu hawajui bila kuogopa. CBC yenyewe, huu mtaala wao wa sasa, imeweka kujifunza namna ya kujifunza kati ya ule umilisi 7 wa kimsingi, lakini hiyo haitatoka kwa kitabu pekee, inatoka kwa meza ya nyumbani.

Anza hapa. Homuweki ikija, usishike makasi. Muulize maswali matatu tu: hapa unajua nini tayari, umekwama wapi haswa, na ni nani au nini kinaweza kutusaidia? Hilo la pili ndilo gumu, mtoto atakuambia "sijui yote" na utaskia kumpa jibu ndio mmalize. Usimpe. Mwambie asome swali tena kwa sauti akuonyeshe neno lenye limemshinda, mara nyingi ni neno moja tu. Kazi ikitoka imepindapinda ipeleke hivyo hivyo. Mwalimu akiona kazi safi ya mzazi hawezi kujua mtoto amekwama wapi, na darasa likiwa na watoto wengi hana nafasi ya kuanza kuchunguza.

Ya pili ni kufunga kitabu. Watoto wengi wanasoma kwa kurudia kusoma, wanapaka rangi mistari, wanaskia wameelewa. Roediger na Karpicke wa Marekani walijaribu hii na wanafunzi 2006: wenye walirudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliowapita ni wale walikuwa wamefunga maandishi wakajikumbusha wenyewe. Kwetu tunafanya hivi, akimaliza kusoma anafunga kitabu ananifunza mimi nikipika ugali, na mimi nauliza kama mtu hajui kitu. Akikwama anafungua anaangalia, anafunga tena. Tunarudia kesho, halafu baada ya wiki. Dakika 10 zinatosha, na haina bei ya tuisheni.

Jumamosi ndio siku tamu. Mpeleke Kamukunji kwa jua kali aone fundi akikata bati ya jiko, amuombe aeleze anajuaje urefu wa bati yenye itazunguka duara bila kubaki na pengo. Hiyo ni pai ile ya hesabu ya duara darasani, lakini sasa ina nyundo na kelele na pesa ndani yake. Nunua kitu kidogo ama uliza kwanza kama fundi ana nafasi, hapo ni kazini kwake. Kuna fundi wa simu ninayemjua mtaani kwetu, alianza na redio, kaseti zikaisha, akaingia kwa simu za mulika mwizi na sasa anabadilisha skrini. Nilimwambia msichana wangu amuulize alijifunza aje kila mara, akajibu huwa ananunua ile imekufa kabisa anaifungua aone. Hakuna mahubiri yangu yangeingia vile hayo maneno yaliingia.

Kama huna pesa ya vitabu, Eastlands kuna maktaba ya Kaloleni na ya Makadara, na kule tauni kuna McMillan, iko tangu 1931. Acha achague kitabu mwenyewe hata kama wewe unaona hakina maana.

Sasa hii akili unde (AI) ya kwa simu. Kumkataza kabisa sioni ikisaidia, ataipata kwa rafiki. Kwetu sheria ni kwamba anaandika jibu lake kwanza kwa karatasi, kwa kalamu, ndio anauliza mashine, halafu anatafuta mahali imekosea na kuhakikisha kwa kitabu. Hizi programu huongea kwa ujasiri hata zikikosea, na mtoto hawezi kugundua kama hakuwa na wazo lake kabla. Ukiwa na bando kidogo uliza swali moja tu, mjadili hilo hilo jioni nzima.

Na wewe mwenye mtoto wa gredi ya 9, usimsukume STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) juu ya uoga wa kazi. Njia za kuchagua akienda sekondari ya juu ni tatu: STEM, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Kaa naye muangalie ni kitu gani yeye hufanya bila kusukumwa, akikosea anarudia mwenyewe, anzia hapo. Halafu hakikisha shule mnayotaka inafunza hiyo njia kweli, nendeni pamoja mkaulize, na acha yeye ndiye aulize maswali.