Somo: Mtoto mdogo anapoanza kigugumizi, nini ufanye na lini uwe na wasiwasi

Mtoto alikuwa anaongea vizuri tu. Amefika miaka miwili na nusu, maneno yanamiminika, halafu wiki moja unasikia "ma-ma-ma-maji". Jaja yake (bibi) anasema mlimtekenya mno akiwa mchanga. Senga (shangazi) anasema alishtuliwa. Jirani anajua mganga.

Kabla hamjatafuta wa kulaumiwa, someni somo hili. Nafanya kazi na watoto wenye matatizo ya usemi hapa Kampala, na kila mzazi namwambia neno hilihili: usihesabu mtoto amerudia mara ngapi, tazama anatumia nguvu kiasi gani.

Kigugumizi mara nyingi huanza kati ya miaka 2 na 5, wakati mtoto anaanza kuunganisha maneno kuwa sentensi. Kwa wengine huja polepole, kwa wengine huzuka ndani ya siku chache. Takriban watoto 5 katika kila 100 hupitia hali hii, na wengi wao, kama robo tatu au zaidi, hupona. Kwa watu wazima hubaki kama mtu 1 katika 100, wanaume zaidi ya wanawake. Hutembea katika ukoo, na chanzo chake ni jinsi ubongo unavyoratibu mwendo wa kusema. Hakiletwi na kutekenywa, wala malezi mabaya, wala mama kufanya kazi mbali na nyumbani.

Hatua ya 1: Sikiliza ni kukwama kwa namna gani

Mtoto anayejifunza kusema hurudia maneno mazima: "Mimi, mimi nataka, mimi nataka chapati." Anasita, anabadilisha sentensi katikati, na uso wake umetulia. Hiyo ni kawaida ya umri.

Kigugumizi chenyewe kina sura tatu. Anarudia silabi au sauti moja: "cha-cha-cha-chapati". Anavuta sauti: "sssssukari". Au sauti haitoki kabisa. Hii ya tatu wazazi wengi hawaitambui, wanadhani mtoto anafikiri. Mtazame kwa karibu anapotaka kusema "baba": midomo imebanwa kwenye ile "b", shingo imekaza, macho yanapepesa, pengine anapiga mguu chini ili neno litoke. Kisha neno linafyatuka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Mtoto huyo anapambana, hata kama ni mara tatu tu kwa siku, na ananipa wasiwasi kuliko yule anayesema "mimi, mimi, mimi" kutwa nzima huku anacheza.

Hatua ya 2: Mrekodi

Tumia simu, dakika chache, akiwa anakula au anacheza. Andika tarehe uliyosikia kwa mara ya kwanza. Kigugumizi cha watoto huja na kuondoka; wiki hii kimezidi, wiki ijayo hukisikii. Siku utakayompeleka kwa mtaalamu anaweza kuongea bila kukwama hata mara moja, na bila rekodi utabaki kueleza tu.

Hatua ya 3: Punguza mwendo wako, acha wake

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wengi wanaharibu kwa nia njema. "Sema taratibu." "Vuta pumzi." "Anza tena." Mtoto anasikia kwamba kusema kwake kuna kosa, na anaanza kukaza zaidi. Acha kabisa maneno hayo.

Tenga dakika tano kila siku na mtoto huyo peke yake, redio imezimwa na simu iko mbali. Hakuna cha kununua. Nimemwona mama mmoja akifanya hivi huku wakimenya karanga na kijana wake wa miaka mitatu, wamekaa mkekani. Mtoto akasema, "Hii ka-ka-ka-karanga ina mbili." Mama hakushtuka. Alimaliza kumenya aliyokuwa nayo mkononi, akatulia kidogo, kisha akajibu taratibu: "Eee, hiyo ina mbili. Yangu ina moja." Akanyamaza. Mtoto akaokota nyingine na kuendelea na hadithi yake.

Angalieni alichofanya. Hakumalizia mtoto neno. Alisubiri kabla ya kujibu. Alitumia sentensi fupi, na hakumuuliza swali. Maswali mfululizo ("Umekula nini? Nani alikupa? Mwalimu alisema nini?") humbana mtoto, maneno ya kuelezea tu humwachia nafasi ya kusema akitaka. Na alijibu habari ya karanga, hakujibu namna ilivyosemwa.

Najua chumba kimoja chenye watoto watano hakina utulivu huo. Basi wekeni sheria ya zamu wakati wa chakula: mmoja akisema, wengine wanasubiri, na zamu yake haimwishii kwa sababu amekwama.

Hatua ya 4: Ongea na wanaomzunguka

Jaja, senga, dada wa kazi, mwalimu wa nasari, wote wasikie maneno yaleyale kutoka kwako. Watoto wa jirani wanaomuiga wakemewe mapema, tena mbele yake, ili ajue uko upande wake. Na usimsimamishe mbele ya wageni eti "mwimbie mjomba".

Hatua ya 5: Jua lini usisubiri

Tafuta mtaalamu kama kigugumizi kimepita miezi sita bila kupungua, au kama kilianza baada ya miaka mitatu na nusu, au kama katika ukoo kuna mtu mzima ambaye hakikumwacha. Wavulana hupona kwa nadra kidogo kuliko wasichana, kwa hiyo kwa mvulana nasubiri muda mfupi zaidi. Ukiona anakaza uso, anaziba mdomo kwa mkono, anabadilisha neno ili asikwame, au ameanza kunyamaza, usingoje hiyo miezi sita. Vilevile kama matamshi yake kwa jumla hayaeleweki au maneno yake ni machache kwa umri wake.

Na hili ni la dharura: usemi ukibadilika ghafla baada ya kuanguka na kugonga kichwa, baada ya degedege au malaria kali, au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Wapi pa kwenda

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, kwa hiyo wataalamu waliosomea hapahapa wapo, ingawa bado ni wachache na wengi wako Kampala. Walio mbali waanzie kituo cha afya kilicho karibu na waombe rufaa kwa jina la tatizo: "mtaalamu wa tiba ya usemi". Usikubali kurudishwa na "atakua tu" kama dalili za hatua ya 5 zipo. Kabla ya miaka 6 tiba hufanya kazi vizuri zaidi. Mojawapo, iitwayo Lidcombe, ilianzishwa Sydney, Australia, na mwenye kuifanya kila siku ni mzazi mwenyewe, akiongozwa na mtaalamu.

Maswali ya wazazi na walimu

*Baba, Koboko: Nyumbani tunasema Kinubi na Kiswahili, nasari ni Kiingereza. Mwalimu anasema tuache lugha zetu.*

Msiache. Lugha mbili au tatu hazileti kigugumizi. Mtoto wa lugha nyingi husita akitafuta neno, na mwalimu anaweza kudhani ni kigugumizi. Mpe lugha unayoiongea vizuri wewe.

*Mama, Jinja: Nimeambiwa akatwe uzi chini ya ulimi.*

Hapana, dada yangu. Msikilize akiimba: je, anakwama? Watoto wengi wenye kigugumizi huimba wimbo mzima bila shida. Ulimi uliofungwa ungefungwa hata kwenye wimbo. Ukimkata utamletea damu, maumivu na hatari ya maambukizi, na kigugumizi kitabaki palepale. Tumeshaona madhara ya kung'oa watoto "ebinyo" (vijino vichanga vilivyo ndani ya ufizi), tusiongeze jingine.

*Baba, Mbale: Anatumia mkono wa kushoto, nimekuwa nikimkataza. Inahusika?*

Mwache atumie mkono wake. Kumkataza kunamwongezea shinikizo bila faida yoyote.

*Mama, Nakivale: Wangu alianza baada ya safari yetu ya kukimbia vita. Ni woga?*

Pole sana, mama. Umri aliokuwa nao mlipokimbia uligongana na umri ambao kigugumizi huanza kwa kawaida. Woga na kukosa usingizi vinaweza kukizidisha kwa mtoto ambaye tayari anacho. Fuata hatua hizi, na kama haachi kushtuka usiku au anakung'ang'ania mchana kutwa, mueleze mhudumu wa afya hayo pia. Hayo yanahitaji msaada wa aina yake.

*Mama, Entebbe: Ana miaka minne. Jana ameniuliza, "Kwa nini maneno yanakataa?" Nijifanye sijasikia?*

Usijifanye. Anajua tayari, na ukimya wako utamfundisha kwamba ni jambo la aibu. Mwambie: "Eee, wakati mwingine maneno hukwama. Hutokea kwa watu wengi. Mimi nitakungoja." Halafu umngoje kweli. Na usikawie kumpeleka kwa mtaalamu.

*Mwalimu wa nasari, Arua: Wakati wa kuita majina anakwama, wenzake wanacheka. Nimruke?*

Usimruke, atajiona ametengwa. Badilisha utaratibu kwa darasa zima: siku nyingine wanyooshe mkono, siku nyingine waitikie wawili wawili, kwa sababu mtoto wa namna hii huwa hakwami sana anaposema pamoja na mwenzake. Wanaocheka waambie waziwazi kwamba darasani kwako kila mtu husubiriwa. Na kama kuna shairi la siku ya wazazi, mpe mwenzake wasome pamoja, lakini kwanza muulize yeye kama anataka.